Teksi za wanawake Mombasa: anayeshika usukani naye analindwa na nani?

Kila inapozuka habari ya mwanamke kufanyiwa unyama ndani ya gari la kukodi, simu zetu hapa Mombasa hujaa maneno kwa siku mbili tatu. Makundi ya WhatsApp ya kina mama huwaka moto, picha za nambari za magari husambazwa, na hakukosi mmoja wa kuuliza: mbona hatuna teksi zetu sisi, dereva mwanamke na abiria mwanamke, tukaondokana na balaa hili? Siku ya tatu mtu hutuma tangazo la mabuibui mapya kutoka Dubai, na mazungumzo huishia hapo mpaka mkasa mwingine utokee.

Leo nataka tuendelee pale tunapoachia kila mara. Teksi za aina hii zimekuwepo duniani kwa karibu miaka ishirini, na Kenya pia zimejaribiwa. Nitasema mapema ninachoamini, ili msomaji asipate taabu ya kunitafuta katikati ya makala. Kumweka mwanamke kwenye usukani ndiyo kazi rahisi. Kazi ngumu ni kumlinda yeye huyo dereva, na kuhakikisha yuko karibu wakati unapomhitaji. Huduma isiyofikiria hayo mawili haifiki mbali, hata ikipakwa rangi gani.

Kwanza tuelewane. Watu hutumia jina moja kwa vitu vitatu tofauti. Kuna kampuni ambayo madereva wake wote ni wanawake na haibebi mwanamume mzima. Kuna kampuni ya kawaida, yenye madereva wa kila namna, iliyoongeza kitufe kwenye programu yake ya simu: abiria mwanamke akikibonyeza huletewa dereva mwanamke, akipatikana. Hilo neno "akipatikana" lina uzito wake, nitalirudia. Halafu kuna aina ya tatu ambayo haina kitufe wala haijawahi kuzinduliwa na mheshimiwa yeyote. Ni yule mama mwenye tuktuk au kigari kidogo mtaani, ambaye nambari yake imehifadhiwa kwenye simu za nusu ya wanawake wa mtaa huo. Huyu huwapeleka watoto chuoni na skuli, huwapeleka wajawazito kliniki, na usiku wa harusi ndiye anayeitwa kuwarejesha watu majumbani. Hakuna ripoti inayomtaja, lakini kwa maoni yangu ndiye tunayepaswa kuanza naye. Nitaeleza kwa nini.

Wanaume wanaosoma makala haya huenda hawajui safari ya usiku ilivyo kwetu. Mwanamke akiingia kwenye teksi usiku huketi kiti cha nyuma. Hutuma nambari ya gari kwa dada yake. Hupiga simu, pengine ya uongo, akazungumza kwa sauti na kaka ambaye hayupo: nishafika Saba Saba, nisubiri nje. Hushuka nyumba mbili kabla ya kwao ili dereva asijue mlango wake ni upi. Mimi nina miaka arubaini na kitu, nina watoto wanaonizidi kimo, na bado nafanya haya yote.

Wala si lazima mtu aguswe ndipo aogope. Miaka michache nyuma dereva wa kampuni moja alinifikisha nyumbani salama salimini, nauli sawa, adabu sawa. Kesho yake akaanza kunitumia ujumbe: umeamkaje, nimekukumbuka, lini tena. Nilipoilalamikia kampuni nilijibiwa na mashine kwamba maoni yangu ni muhimu sana kwao, kisha nikaombwa niipe safari hiyo nyota. Huyo bwana hakuniwekea hata kidole. Lakini alikuwa na nambari yangu na alijua ninapokaa, na mimi kwa wiki mbili nikawa nachungulia dirishani kila tuktuk ikisimama nje.

Wenzetu walianza mapema kutafuta dawa ya hali hii. Shirika la teksi la Dubai lilianzisha mwaka 2007 teksi zenye paa la rangi ya waridi, zinazoendeshwa na wanawake na kubeba wanawake na familia. Wengi wetu tuna jamaa waliofika kule na kuziona. Jambo ambalo hawatusimulii ni kwamba nyuma ya rangi ile kuna shirika la umma. Magari si ya dereva. Yeye ameajiriwa, na akipata shida kuna ofisi inayojua yuko wapi.

Mwaka 2009 mji wa Puebla nchini Mexico nao ukapata magari 35 ya waridi, yaliyotiwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti na kitufe cha dharura. Ndani yake waliweka pia kijimkoba chenye vipodozi na kioo, kana kwamba shida ya mwanamke barabarani ni wanja kufutika. Watetezi wa wanawake kule walikasirika, nami sioni kama walikosea. Kitufe cha dharura kilitosha.

Delhi walikwenda njia nyingine. Tangu 2008 taasisi iitwayo Azad Foundation imekuwa ikichukua wanawake wa familia maskini na kuwafundisha udereva kwa miezi kadhaa. Hawafundishwi gia na breki pekee. Hufundishwa haki zao mbele ya sheria, namna ya kujihami, kusoma ramani, na kuzungumza na mteja mkorofi bila kushuka heshima. Wakihitimu, wengine huendesha teksi za kampuni dada iitwayo Sakha, zinazobeba wanawake. Kwao dereva ndiye mwanzo wa mpango wote, na gari linakuja baadaye. Hapa kwetu tungeanza na gari, utepe na mkasi.

Hapa Kenya jambo hili lilipata nguvu kutokana na uchungu. Novemba 2014, baada ya video za wanawake wakivuliwa nguo hadharani kwenye vituo vya matatu, mamia ya wanawake waliandamana Nairobi, na mwaka huo huo sheria ikarekebishwa ili kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwe kosa linalojitegemea, lenye kifungo kirefu. Miaka miwili baadaye, 2016, kampuni ya Craft Silicon ikishirikiana na Safaricom ikaanzisha teksi za Little, na haikuchukua muda ikaongeza huduma ya usiku ambayo mwanamke angeweza kuitisha dereva mwanamke. Kisha ikaja An-Nisa, iliyoanzishwa Nairobi na Mehnaz Sarwar, ya madereva wanawake kwa ajili ya wanawake na watoto. Jina hilo kwa Kiarabu ni wanawake, na ndilo jina la sura ya nne ya Kurani, kwa hivyo sisi wa Pwani hatukuhitaji mkalimani.

Sasa turudi kwenye lile neno "akipatikana".

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme Mombasa imepata madereva wanawake ishirini, wote wazuri, wote wana vibali. Ikifika saa nne usiku, kumi na wawili wamekwenda nyumbani kulaza watoto. Wamebaki wanane. Wawili wako Likoni, ng'ambo ya feri. Mmoja amempeleka mtu Mtwapa na anarudi na gari tupu. Mmoja anatia mafuta, mwingine yuko Miritini akisubiri treni. Wewe umesimama nje ya jengo Nyali, zamu yako imekwisha, na simu inakwambia dereva wa karibu atafika baada ya dakika thelathini na tano. Mlinzi ameshafunga geti. Barabarani wamebaki wewe, mbwa na vijana wawili wasioeleweka wanangojea nini. Je, utasubiri hizo dakika thelathini na tano kwa ajili ya usalama? Kusubiri kwenyewe kumeshakuwa hatari. Utabonyeza gari la kawaida lililo dakika tatu kutoka hapo, utajiombea dua, na utakwenda zako.

Hapo ndipo biashara inapoanza kuharibika. Yule dada aliyekuwa njiani kuja kwako amekosa safari. Akikosa tatu kwa usiku mmoja, kesho hatoki tena usiku. Madereva wakipungua, muda wa kusubiri unazidi, na abiria wanazidi kukimbia. Mwisho kampuni hufungua mlango kwa kila abiria ili isife njaa, au hubaki jina tu kwenye simu. Mtu asije akasema kampuni za aina hii zinasumbuka kwa sababu wanawake hawaziungi mkono. Zinasumbuka kwa sababu ya hesabu ya magari na masafa, na hesabu hiyo haiondolewi na kampeni wala rangi ya waridi.

Kisha kuna dereva mwenyewe, ambaye katika mazungumzo yetu yote ya WhatsApp sijawahi kumwona akitajwa. Sisi abiria tunajifikiria sisi. Lakini hebu tujiulize: usiku wa manane, nani anaingia kwenye kichochoro asichokijua, kumfuata mtu asiyemjua, na pesa za kutwa nzima mfukoni?

Ripoti ambayo Uber yenyewe ilitoa Desemba 2019 kuhusu Marekani ilihesabu matukio 5,981 ya mashambulizi ya kingono yaliyoripotiwa mwaka 2017 na 2018. Wengi walisoma kichwa cha habari wakaishia hapo. Ndani yake kulikuwa na jambo lililonishtua: katika karibu nusu ya matukio hayo aliyelalamikiwa alikuwa abiria. Yaani dereva naye ni mhanga. Ni nchi ya mbali, yenye hali tofauti na yetu, lakini sioni kwa nini abiria wetu wawe malaika.

Nimezungumza na dada mmoja anayeendesha tuktuk huku kwetu, kati ya Majengo na Marikiti. Jina lake ataliweka mwenyewe, kwa kuwa tajiri wa tuktuk ni mtu mwingine na hataki maneno. Aliniambia kwamba mchana hana tatizo kubwa isipokuwa makelele ya wenzake kwenye steji, na hayo ameshayazoea. Tatizo kubwa ni choo. Wanaume husimama popote, yeye hana pa kwenda mpaka apite kwa shoga yake Mwembe Tayari. Usiku hatoki baada ya saa tatu, ila kwa wateja anaowajua. Aliwahi kuitwa kwa simu na mwanamke, alipofika akakuta wanaume watatu wamekunywa, wakasema yule aliyepiga simu ni dada yao. Aligeuza tuktuk akaondoka, nao wakamtupia jiwe. Hesabu ya tajiri siku hiyo ilikuwa pale pale, safari imepatikana au haikupatikana.

Kisa hicho kinaonyesha tundu ambalo huduma nyingi huliacha wazi. Dereva hukaguliwa: kitambulisho, leseni, beji ya PSV, cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi. Abiria hakaguliwi. Mtu yeyote anaweza kujiandikisha kwa jina la Fatuma. Kampuni inayosema ni ya wanawake pekee, na isiyojua abiria wake ni nani, imempeleka dereva wake gizani macho yamefungwa. Na upande wa pili kuna tundu jingine tunalolijua vyema hapa mjini: akaunti ya dereva kukodishwa. Umeitisha mwanamke, picha ni ya mwanamke, anayekuja ni shemeji yake. Ukiuliza unaambiwa leo anaumwa. Dada yangu, usipande. Hata kama shemeji mwenyewe ana sura ya imamu.

Hata hicho cheti cha tabia njema tusikiamini kupita kiasi. Desemba 2014 mjini Delhi msichana aliyeitisha gari la Uber alisinzia njiani akirudi nyumbani, na dereva akamnajisi. Ikabainika kwamba dereva huyo alikuwa ameshawahi kukamatwa kwa tuhuma kama hiyo, na polisi wakasema cheti chake kilikuwa cha kughushi. Serikali ya Delhi ikaipiga marufuku kampuni hiyo kwa muda. Cheti kinasema kwamba siku ile karatasi ilipochapishwa hapakuwa na rekodi dhidi ya mtu huyu. Kinachomtia mtu adabu ni kujua kwamba safari imeandikwa, njia inaonekana, na kuna binadamu, si mashine, atakayepokea simu.

Sheria zetu zinaruhusu nini? Nimeulizwa kama kampuni ya wanawake pekee si ubaguzi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ni kweli. Lakini kifungu hicho hicho kinaitaka serikali ichukue hatua za kuwainua watu walioumizwa na ubaguzi wa zamani. Kwa mtazamo wangu hapo pana nafasi ya kutosha. Leseni nayo haiulizi jinsia: teksi ya gari dogo inataka daraja la B3, tuktuk daraja la A3, pamoja na beji ya PSV. Na kanuni za NTSA za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa kamisheni ambayo kampuni za teksi za simu hukata kutoka kwa dereva, baada ya miaka ya malalamiko kwamba nyingine zilikuwa zikikata hadi 25. Kampuni zilikimbilia mahakamani, kama ilivyotarajiwa. Kwa dereva anayefanya saa chache kwa sababu ya watoto, hiyo asilimia saba si kitu kidogo.

Kwetu Waislamu kuna jambo la khalwa, yaani mwanamke na mwanamume wasio maharimu kuwa peke yao faraghani. Masheikh wamelijadili suala la teksi kwa muda mrefu. Wako wanaoona kwamba gari linalopita mjini penye macho ya watu si faragha, na wako wanaokataza. Mimi si wa kutoa fatwa. Ninachojua ni kwamba wako mabinti waliokatazwa masomo ya jioni kwa sababu hiyo, na dereva mwanamke angewafungulia mlango bila ya ugomvi wowote nyumbani.

Lakini hapa pana unafiki ambao lazima niuseme. Kuna baba anayetaka mke wake na binti zake waendeshwe na mwanamke, na baba huyo huyo ukimwambia binti yake anataka kuwa dereva wa tuktuk atakurukia. Sasa huyo dereva mwanamke atazaliwa na nani? Zamani barazani kwetu kulikuwa na mzee akitoa mfano wa Saudi Arabia, kwamba kule wanawake hawaendeshi, na kule ndiko dini ilikotoka. Tarehe 24 Juni 2018 Wasaudia wakaondoa marufuku yao, na wanawake wakaanza kuendesha usiku ule ule. Mzee akahamia kwenye mazungumzo ya mpira.

Basi Mombasa tungefanyaje? Mimi nisingeanza na kampuni ya kubeba kila mwanamke, kila saa, kila mahali. Tumeona hesabu inavyokataa. Ningeanza na safari zinazojulikana saa yake na mahali pake. Treni inayoondoka Nairobi saa tisa alasiri hufika Miritini mwendo wa saa mbili usiku, kila siku. Ile ya usiku hufika kabla ya alfajiri. Wanawake wanashuka na watoto na mizigo, na wanapokewa na madereva wanaovutana nao mikoba. Zamu za hoteli Nyali na Bamburi hubadilika kwa saa maalumu. Wauguzi nao vivyo hivyo. Ramadhani kuna tarawehe kila usiku kwa mwezi mzima, hata mtoto anajua itakwisha saa ngapi. Na harusi zetu! Kina mama mia tatu hutoka ukumbini saa saba za usiku, dhahabu mikononi, viatu mkononi, na kila mmoja anatafuta tuktuk. Mwenye harusi aliyelipia ukumbi, maua, keki na mpiga picha wa video hawezi kushindwa kulipia tuktuk kumi za kina mama zingojee nje.

Kwa safari kama hizi hakuna dakika thelathini na tano za kusubiri, kwa sababu dereva yuko pale kabla yako. Hakuna abiria wa kubahatisha, kwa sababu orodha inajulikana. Madereva wanakuwa pamoja, si mmoja mmoja kichochoroni. Na malipo yanajulikana, kwa hivyo tajiri anapata hesabu yake bila dada wa watu kukimbizana na walevi.

Tena ningeanza na tuktuk kabla ya teksi, na si kwa ajili ya bei tu. Tuktuk haina mlango wa kukufungia. Dereva hawezi kubonyeza kitu ukawa mfungwa, na mtu yeyote barabarani anakuona na anakusikia ukipiga kelele. Ni kweli mvua inakulowesha na vumbi la Changamwe linakuingia puani, lakini uwazi ule ni ulinzi ambao magari ya bei kubwa hayana.

Fedha? Vyama vya kina mama mtaani vimenunua viti na mahema ya kukodisha kwa miaka. Tuktuk haiko mbali na hapo. Kuna Hazina ya Wanawake iliyoanza 2007 na Hazina ya Uwezo, ingawa wengine miongoni mwetu husita kwa wasiwasi wa riba na ni haki yao kuuliza masharti. Kuna pia benki za Kiislamu ambazo hununua chombo na kukuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Jambo la kuzingatia ni nani mwenye logbuku. Dada wa Majengo ana ujuzi, ana wateja, ana nidhamu, na bado jioni humpelekea mtu mwingine pesa. Chama kikimiliki tuktuk tano, dereva akiumwa kuna wa kushika zamu anayejulikana, si shemeji.

Kaunti nayo haihitaji kununua hata gari moja. Itenge sehemu yenye taa na choo kwa madereva wanawake pale feri, Mwembe Tayari na Kongowea. Choo, nasema tena. Huwezi kumtaka mwanamke afanye kazi saa kumi barabarani na hujamwonyesha pa kujisaidia.

Hayo yakisubiri, usiku wa leo bado tutapanda magari tunayoyapata. Linganisha nambari ya gari na iliyo kwenye simu kabla ya kufungua mlango, na sura ya dereva na picha. Muulize dereva amekuja kumchukua nani. Usimtajie wewe jina lako kwanza. Tuma safari yako kwa mtu aliye macho, si kwa mtu aliyelala. Likitokea la kutokea, Mungu apishe mbali, nambari 1195 ni ya bure na hupokewa mchana na usiku kwa masuala ya dhulma za kijinsia. Hospitali ya Coast General ina kituo maalumu cha wahanga. Nenda haraka, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafaa zikianza kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ndiyo bora. Usioge, na nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, uende nazo. Matibabu hayo katika hospitali za umma hayalipiwi kisheria. Fomu ya P3 ya polisi pia haiuzwi. Ukiambiwa uitolee pesa, uliza jina la anayekuomba na nambari yake ya kazi, kisha piga 1195 ukiwa umesimama pale pale kaunta.